Usinunue stika: namna ya kuchagua remasta za albamu za jazz

Santuri ya kwanza ya jazz niliyonunua mpya kabisa, bado iko kwenye nailoni yake, ilikuwa Saxophone Colossus ya Sonny Rollins. Imeandikwa gramu 180, imeandikwa remasta, imeandikwa toleo maalum la wakusanyaji, kava linang'aa mpaka unajiona sura. Nikaiweka, nikakaa kwenye kiti, nikasubiri ile saksofoni itoke mle ndani inikabe shati, ikatoka sauti ya CD. Tena CD iliyochoka. Matoazi yanachirizika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, besi ipo ila haina mwili. Nikasema mashine yangu ndo mbovu, nikabadili sindano, hamna kitu. Baadae sana ndo nikaja kujua kwamba lebo iliyotoa ule mzigo (siitaji jina) haijawahi hata kuuona mkanda wa 1956, walichukua CD wakaihamishia kwenye plastiki nzito, basi. Na hawakuvunja sheria yoyote ya huko kwao, hiyo nitaielezea hapa chini.

Kwahiyo kama unaanza kukusanya haya matoleo mapya ya jazz ya zamani, swali la kujiuliza kabla ya kutoa hela ni moja tu, mkanda umetoka wapi? Mengine yote yanafuata nyuma yake.

Kwanza tuelewane remasta ni nini maana watu wanachanganya. Albamu nyingi za miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60 zilirekodiwa bendi nzima ikiwa chumba kimoja, wanapiga kwa pamoja, na injinia anachanganya sauti hapohapo wakati wanapiga, inaingia moja kwa moja kwenye mkanda wa njia mbili (stereo) au wa njia moja (mono). Rudy Van Gelder, aliyerekodi karibu kila kitu cha lebo ya Blue Note cha miaka ile, alikuwa anafanya hivyo sebuleni kwa wazazi wake kule Hackensack, New Jersey, mpaka 1959 alipohamia studio yake mpya ya Englewood Cliffs. Sasa kama sauti zimeshachanganywa tangu siku hiyo, hamna cha kuchanganya upya. Anayefanya remasta anachukua ule mkanda, anaupiga kwenye mashine iliyosetiwa vizuri, anaamua besi iongezwe kidogo hapa, ukali upunguzwe kidogo pale, au aache kama ulivyo, halafu anakata santuri mpya, yaani anachonga mifereji ya sauti, au anatengeneza faili la dijitali. Yaani remasta ni maamuzi ya mtu mmoja aliyekaa na mkanda. Kubadilisha miksi ni kazi nyingine kabisa, hiyo inawezekana pale tu ambapo mkanda una njia nyingi, kwa mfano lebo ya Columbia walikuwa wanatumia njia tatu.

Na hapo kwenye Columbia kuna kisa ambacho kila mkusanyaji anatakiwa akijue. Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Ile siku ya Machi mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazunguka taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa, hakuna aliyegundua, kwahiyo ukiupiga ule mkanda kwenye mashine iliyo sawa muziki unakwenda haraka kidogo na sauti inapanda juu kidogo. Nyimbo tatu za upande wa kwanza, So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, dunia nzima ilizisikiliza hivyo zaidi ya miaka 30 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipotumika mkanda wa akiba uliorekodiwa na mashine ya pili iliyokuwa spidi sahihi. Ukiwa na piano au gitaa lililotyuniwa vizuri jaribu kupiga pamoja na kopi ya zamani, utaona inakukimbia juu. Sasa hapa nani yuko sahihi? Kuna watu wanasema spidi sahihi ndo ukweli, kuna wengine wanataka ileile waliyoizoea tangu ujana wao. Mi niko upande wa spidi sahihi lakini sigombani na mtu. Ninachosema ni kwamba kabla hujanunua Kind of Blue yoyote angalia kama wameandika chochote kuhusu spidi.

Turudi kwenye mkanda. Chanzo bora kabisa ni mkanda masta wenyewe, ule uliokatiwa toleo la kwanza. Chini yake kuna kopi ya usalama, yaani mkanda ulionakiliwa kutoka kwa masta, na kila ukinakili unapoteza kidogo na kelele ya mkanda inaongezeka. Kuna pia faili la dijitali la ubora wa juu lililotolewa kwenye masta. Halafu chini kabisa ndo kuna CD. Zamani lebo zilikuwa zinatuma kopi nchi za nje ili zikachapwe huko, ndo maana toleo la nchi fulani linaweza kuwa zuri kwa utengenezaji lakini mkanda wake ni mjukuu. Santuri za Japani zile zenye ukanda wa karatasi ubavuni unaoitwa obi ni mfano mzuri, plastiki iko kimya kama usiku wa manane, kava safi, watu wanazipenda na mimi pia nazipenda, ila nyingi zilikatwa kutoka kwenye kopi, na kuna zingine ukisikiliza unaona kabisa sauti ya juu imeinuliwa kidogo.

Mikanda yenyewe nayo inazeeka. Ile ya miaka ya 50 ilikuwa ya asetati, inakauka na kukatika, viungio vilivyobandikwa wakati wa kuhariri vinaachia. Ile ya miaka ya 70 na 80 ina ugonjwa wake mwingine, gundi inanyonya unyevu inaanza kunata, mpaka wanauoka kwa joto dogo ndo upigike tena. Halafu kuna ajali, mwaka 2008 moto uliteketeza ghala la kampuni ya Universal kule Hollywood lililokuwa na mikanda masta, na habari yenyewe haikujulikana kwa upana mpaka 2019. Nasema haya sio kukutisha, ni kwasababu ukikuta lebo inasema mkanda wa asili haukufaa ikabidi watumie kopi nzuri iliyokuwepo, hao wanasema ukweli na wanastahili hela yako kuliko wale wanaoandika tu imetoka kwenye vyanzo bora, sentensi ambayo haina maana yoyote. Chanzo bora kinaweza kuwa CD ya shemeji yao.

Sasa ile sheria. Ulaya zamani rekodi ilikuwa inalindwa miaka 50. Baadae wakaongeza ikawa 70, lakini zile ambazo miaka 50 ilikuwa imeshaisha hazikurudishwa kwenye ulinzi, kwahiyo kwa ufupi rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 ziko huru kule. Fikiria jazz ilichofanya kati ya 1955 na 1962, karibu kila albamu unayoitamani iko mle. Ndo maana kuna lebo kibao za huko zinazotoa Coltrane, Miles, Monk, Bill Evans kwa bei poa, makava mazuri, nyimbo za nyongeza, na mkanda hawana kwasababu mkanda uko Marekani kwa mwenye nao. Ukiona albamu ya Blue Note haina nembo ya Blue Note popote, au nyuma ya kava hakuna jina la injinia aliyefanya remasta, hata moja, hiyo tayari ni jibu. Mtu aliyefanya kazi nzuri huwa hafichi jina.

Majina yenyewe sio mengi, ukishayajua umemaliza nusu ya kazi. Kevin Gray ndo utakutana naye kila kona, anakata kwenye studio yake Cohearent Audio huko California. Yeye ndo anayekata mfululizo wa Tone Poet wa Blue Note ulioanza 2019 chini ya usimamizi wa Joe Harley, zinachapwa kiwanda cha RTI huko Camarillo, kava la kufunguka, karatasi nene, picha zilizopigwa na Francis Wolff ndani. Halafu mfululizo huo una mdogo wake, Classic Vinyl ya Blue Note hiyohiyo, anakata Gray huyohuyo ila zinachapwa kiwanda cha Optimal huko Ujerumani, kava la kawaida na bei inashuka vizuri tu. Nitasema kitu wengine watanichukia, ukifumba macho tofauti ya sauti kati ya hizi mbili ni ndogo mno kuliko tofauti ya bei, unacholipia sana kwenye Tone Poet ni kava na uteuzi wa albamu ambazo hazijazoeleka. Ukitaka zile maarufu, Somethin' Else ya Cannonball Adderley, Moanin' ya Art Blakey, anzia Classic Vinyl, usijitese.

Upande wa lebo za Verve na Impulse kuna mfululizo wa Acoustic Sounds ulioanza 2020, wa Chad Kassem, zinachapwa kiwanda chake cha Quality Record Pressings kilichoko Salina, Kansas, na nyingi zimepita mikononi mwa Ryan K. Smith wa studio ya Sterling Sound. Lebo za Prestige na Riverside ziko kwa kampuni ya Craft, wao walilifufua jina la Original Jazz Classics mwaka 2023, nazo zinakatwa na Gray kutoka kwenye mkanda na kuchapwa RTI. Za Contemporary, ile lebo ya Lester Koenig huko Los Angeles, mtafute Bernie Grundman, mzee aliwahi kufanya kazi palepale Contemporary akiwa kijana, anajua ile sauti ilivyotakiwa kuwa. Na kwa wanaotaka kila kitu cha msanii kwa mpangilio kuna masanduku ya Mosaic, kampuni aliyoianzisha Michael Cuscuna na Charlie Lourie miaka ya 80 mwanzoni, wanatoa idadi maalum ikiisha imeisha, vijitabu vyake vya ndani peke yake ni shule.

Utakutana na herufi AAA kila mahali, maana yake ni kwamba kuanzia kurekodi mpaka kukata hakuna hatua ya dijitali. Watu waliligeuza hili kuwa dini mpaka Julai 2022 ikajulikana kwamba Mobile Fidelity, moja ya lebo zinazoheshimika kuliko zote kwa wapenda sauti, kwa miaka mingi walikuwa wanaupitisha mkanda kwenye faili la dijitali la ubora wa juu sana kabla ya kukata, wakati wateja wengi waliamini ni analogi tupu. Ilifika mahakamani, na mwaka uliofuata yakaja makubaliano ya mpaka dola milioni 25. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba wale wale waliokuwa wanaapa masikio yao yanasikia dijitali ikiwa bado iko kwenye mlango wa kiwanda ndo walikuwa wanazisifu hizo santuri miaka yote. Kwahiyo chukua hivi, dijitali iliyotoka kwenye mkanda masta ikatengenezwa na mtu makini ni nzuri kuliko analogi iliyotoka kwenye kopi ya kopi. Kosa la wale lilikuwa kunyamaza, sauti yenyewe ilikuwa safi.

Uzito wa santuri sio kigezo. Gramu 180 inakaa vizuri mkononi, labda haipindi haraka, lakini mifereji ni ileile na kilichokatwa ndani yake ndo kinachosikika. Nina santuri za miaka ya 60 nyepesi kama sahani ya plastiki zinapiga vizuri kuliko matofali kadhaa niliyonunua. Rangi rangi nazo ni pambo. Spidi ya mizunguko 45 kwa dakika badala ya 33 ina faida ya kweli maana kwa sekunde moja sindano inapita kwenye urefu mkubwa zaidi wa mfereji, sauti za juu zinatoka safi hasa karibu na katikati ya santuri ambako 33 huwa inabanwa, ila albamu ya dakika 40 inakuwa santuri mbili, unainuka kugeuza kila baada ya dakika kumi, na kama wewe unasikiliza jazz ukiwa umejilaza utaichukia. Kuna na zile wanazoziita wan-stepu, ambapo stampa (bamba la chuma linalochapa santuri) inatengenezwa moja kwa moja kutoka kwenye laka iliyokatwa (diski laini ya kwanza inayochongwa mifereji) badala ya kupitia vizazi viwili vya katikati. Kelele inapungua kidogo, ni kweli, lakini kila stampa inachapa nakala chache kwahiyo bei inapaa. Mi ningesubiri mpaka uwe umeshatulia na mashine nzuri.

Sasa kipande kitamu, kusoma santuri yenyewe. Ielekeze kwenye taa uangalie ule ukanda mtupu kati ya mwisho wa muziki na karatasi ya lebo. Pale kuna maandishi yaliyochongwa kwa mkono au kugongwa. Ukikuta KPG@CA huyo ni Kevin Gray, ukikuta RKS ni Ryan K. Smith, BG ni Bernie Grundman. RVG au VAN GELDER maana yake imekatwa na Van Gelder mwenyewe, au imechapwa kutoka kwenye kazi yake ya zamani. Kwenye Blue Note za kale kuna alama ndogo inayofanana na sikio, ni alama ya kiwanda cha Plastylite kilichowachapia mpaka lebo ilipouzwa kwa kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 60, muuzaji akikuambia ni chapa ya kwanza ya 1958 na sikio halipo, mshukuru uondoke. Ukishapata yale maandishi yaingize kwenye tovuti ya Discogs, kila toleo lina ukurasa wake, utaona mwaka, kiwanda na picha, hapo hakuna mtu wa kukuuzia maneno. Na ukinunua kwa mtu mtandaoni omba picha ya sehemu hiyohiyo, sio picha ya kava. Akisema simu yake haina kamera nzuri, haya.

Mono au stereo? Hapa wengi wanakosea kwa kufuata mkumbo, wamesikia mono ndo halisi basi wananunua mono kila kitu. Kwa rekodi za mpaka 1957 hivi ni sawa kabisa, zilipangwa kwa mono. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 50 Van Gelder aliacha kuendesha mashine ya mono pembeni, mono za Blue Note zikawa ni njia mbili za stereo zimeunganishwa tu, kwahiyo remasta ya stereo kutoka mkanda huo haikupunguzii chochote. Blue Train ya Coltrane, ya Septemba 1957, ina mikanda yote miwili na Tone Poet waliitoa kwa mono na pia kwa stereo mwaka 2022, ukizipata zote mbili zilinganishe, ni darasa. Ya kukimbia kama ukoma ni ile stereo ya kutengeneza ya miaka ya 60, kava limeandikwa kwamba mono imegeuzwa stereo kwa umeme, walichofanya ni kuweka besi upande huu na sauti za juu upande ule na mwangwi juu yake. Makosa hayo.

Kama we ni mtu wa CD au faili usijione mdogo, kuna kazi nzuri sana huko na bei yake haina presha. Shida yake ni nyingine, volyumu. Remasta nyingi kuanzia miaka ya 90 ziliminywa ili zisikike kwa nguvu zaidi, sehemu ya kimya ikapandishwa na kilele kikakatwa, na jazz ndo inaumia zaidi maana dramu inayonong'ona halafu ikalipuka ndo muziki wenyewe. Fungua faili kwenye programu yoyote inayoonyesha umbo la sauti, ukiona tofali lililojaa juu mpaka chini, hilo acha, ukiona milima na mabonde, sikiliza. Mfululizo wa RVG Edition ambao Van Gelder mwenyewe alirudia kazi zake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90 una mashabiki wake, mi huwa naona baadhi zimekuwa kali masikioni, na inanifundisha kwamba hata aliyerekodi mwenyewe sio lazima awe na neno la mwisho.

Kulinganisha matoleo mawili nyumbani kuna mtego mmoja mkubwa, linalopiga kwa nguvu zaidi litakudanganya kuwa ni bora. Sawazisha volyumu kwanza, hata kwa programu ya simu ya kupima sauti, chagua dakika mbili tu za wimbo mmoja, na usisikilize kila kitu kwa mpigo. Sikiliza besi, je unasikia vidole kwenye waya na noti ina mwanzo na mwisho, au ni mvumo tu? Sikiliza toazi, linalia shaba au linatoa moshi? Halafu sikiliza kelele ya mkanda, ile sssss nyuma. Watu wanaichukia ila mi nikiikosa kabisa kwenye rekodi ya 1957 nashtuka, maana yake kuna mtu amepitisha kichujio na akaondoka na hewa ya chumba pamoja nayo.

Mzigo ukifika, ufungue siku hiyohiyo. Santuri mpya inakuja na vumbi la karatasi na umeme tuli, isafishe kwa brashi ya kaboni, ikibidi kwa maji yasiyo na chumvichumvi na kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji. Iangalie ikizunguka ukiwa umeinama usawa wake, inapanda na kushuka? Tundu liko katikati, au mkono wa sindano unayumba kulia kushoto? Piga video kabla muda wa kurudisha haujaisha. Mfuko wa ndani wa karatasi ngumu utoe uweke wenye utando laini, lakini usitupe ule wa asili, uweke nyuma ya kava maana atakayenunua kwako atauulizia. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, na yale makava ya nje ya plastiki nene ya zamani yaondoe, yakikaa miaka yanaacha ukungu kwenye santuri ambao hautoki.

Ile Rollins yangu bado ninayo. Naitumia kujaribia sindano mpya.